Mwanafunzi Anatoka na Nini?

Ukitoka Wandegeya kuelekea kaskazini kwa Barabara ya Bombo, utajua umefika Bwaise kwa vitanda. Vimepangwa ukingoni mwa barabara, vingine bado vyeupe havijaguswa na vanishi, pamoja na makabati, milango, na makochi ambayo hayajavalishwa kitambaa. Nyuma yake mashine za kuranda zinalia tangu asubuhi mpaka umeme ukatike. Mahali penyewe ni bondeni. Mvua ikinyesha, maji ya vilima vya kaskazini mwa Kampala huteremkia huku yakitafuta mtaro wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, na kwa kuwa kinamasi hicho kimejazwa udongo na kujengwa kwa miaka mingi, maji huishia vyumbani mwa watu. Fundi wa Bwaise halazi mbao sakafuni. Kijana aliyetoka Luweero au Mubende hufundishwa hilo kabla hajashika msumeno.

Maana huku ndiko wanakokuja. Tunapozungumza juu ya vyuo vya jamii vitakavyoinua uchumi wa vijijini, fikra hutupeleka kwenye majengo yaliyo katikati ya mashamba, yenye ubao wa jina getini na bendera uani. Vyuo vya namna hiyo vipo Uganda. Lakini familia nyingi za vijijini zilishachagua chuo chao zamani: karakana ya mjomba, au ya jirani wa mjomba, katika mitaa kama Bwaise, Katwe na Kalerwe. Hakuna fomu ya kujiunga. Kuna simu moja, nauli ya gari, na fedha kidogo za kumpa fundi ampokee mtoto. Nataka kukilinganisha chuo hiki kisicho na jina na vile vyenye majina, vya kwetu na vya mbali, kwa kipimo kimoja ambacho naona kimesahauliwa katika mijadala yetu ya mitaala: siku ya kutoka, mwanafunzi ana nini mkononi, na nje ya geti anakuta nini?

Kikongwe katika mlolongo huu kilizaliwa mashambani mwa Denmark. Mwaka 1844, katika mji mdogo wa Rødding, kilifunguliwa chuo cha vijana wa vijijini kwa mawazo ya N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mshairi aliyeamini kwamba mkulima anahitaji elimu ya kumwamsha kuliko mtihani wa kumchuja. Vijana walikaa bwenini, wakasoma historia, wakaimba, wakajadiliana. Mtihani wa mwisho haukuwapo. Mfadhili wa leo angekitazama chuo kile asione ndani yake hata somo moja la ujasiriamali. Lakini nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilipoziangusha bei za Ulaya kuanzia miaka ya 1870, wakulima wa Denmark waliiacha nafaka wakakimbilia siagi, na mwaka 1882 wakulima wa Hjedding wakaanzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika ambacho kiliigwa kijiji baada ya kijiji. Kiini cha kiwanda kile kilikuwa mashine ya kutenganisha malai na maziwa, iliyobuniwa miaka michache tu kabla, ghali mno kwa mkulima mmoja mwenye ng'ombe wachache. Wanahistoria wengi huviunganisha vyuo na viwanda hivyo: watu waliozoea kukaa pamoja, kubishana na kuaminiana, waliweza kununua mashine moja na kugawana faida yake bila kugombana. Kijana wa Rødding alitoka na wenzake. Na nje ya geti kulikuwa na jambo la kufanya na wenzake hao.

Mila hiyo ilipita Sweden, ambako vyuo vya kwanza vya aina yake vilifunguliwa mwaka 1868, ikafika Tanzania. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya Sweden, na mwaka 1975, kwa msaada wa nchi hiyo, serikali yake ilianza kuvigeuza vituo vya mafunzo vya vijijini kuwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilifika zaidi ya 50, na bado vinafanya kazi: Kisarawe, Newala, Ilula, Kisangwa kule Bunda. Msingi wa fikra ulikuwa umekwisha kuandikwa mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kijiji kingemchagua mtu wake, mtu huyo angejifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo, kisha angerudi kukitumikia kijiji kilichomtuma.

Kwa nini basi Tanzania haikupata Hjedding yake? Jibu ninaloliona mimi limo katika tarehe mbili. Vyuo vilianza 1975. Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, hata vile vilivyokuwa na mizizi mirefu: KNCU ya Kilimanjaro iliyoandikishwa 1933, na ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ambao Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliousimamisha miaka ya 1950. Kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na serikali za vijiji. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama hivyo, lakini miaka ile sita ndiyo hasa iliyokuwa ya ujana wa vyuo, miaka ya walimu wapya na hamasa mpya. Mwanafunzi alifundishwa umoja darasani, akatoka nje akakuta chombo cha umoja kimeondolewa. Aliyefikiri basi afanye biashara yake mwenyewe alitazamwa kwa jicho la shaka, na mwaka 1983 operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ikaifanya shaka hiyo kuwa hofu. Seremala alirudi kijijini na ujuzi mzuri kabisa katika miaka ambayo hata misumari ilikuwa adimu. Tukisema vyuo vile vilishindwa kuinua uchumi wa vijiji, tunavibebesha mzigo wa uamuzi uliofanywa mahali pengine.

Na kuna jambo vinalolifanya leo ambalo sijaliona likifanywa vizuri zaidi na mila nyingine yoyote ninayoitaja hapa. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivyo pamoja na Karibu Tanzania Organization, unawarudisha masomoni wasichana walioacha shule, wengi wao kwa sababu ya mimba. Wanasoma sekondari, wanajifunza ufundi na biashara, na watoto wao wanalelewa katika shule za awali zilizo ndani ya uzio wa chuo. Kabla ya waraka wa Novemba 2021 kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali, geti hili lilikuwa mojawapo ya machache yaliyobaki wazi kwao. Tukiulinganisha mpango huu na karakana za Bwaise, tofauti inauma. Huku mtoto mchanga hulazwa pembeni ya cherehani, vumbi na moshi vikimpitia, au mama haji kabisa. Kituo cha UYDEL, shirika lililoanzishwa 1993, kinafanya kazi hapa Bwaise na vijana wa mitaa ya mabanda, na juhudi kama hizo zinastahili heshima. Lakini malezi ya mtoto wa mwanafunzi bado huonekana kwetu kuwa jambo la hisani, wakati vyuo vya Tanzania vimelifanya kuwa sehemu ya chuo.

Kenya ilipita njia yake. Mwaka 1966 baraza la makanisa la nchi hiyo lilitoa ripoti iliyouliza waziwazi: baada ya shule, nini? Watoto waliomaliza shule za msingi walikuwa wengi kupita nafasi za sekondari na za ajira. Jibu likawa politekniki za vijiji, majengo ya gharama ndogo yaliyosimamishwa kwa harambee, walimu wakiwa mafundi wa hapo hapo, na masomo yakifuata kile ambacho watu wa eneo lile wananunua kweli. Waasisi hawakutaka mitihani. Walitaka wahitimu waungane katika vikundi vya kazi na kubaki nyumbani. Haikupita miaka mingi kabla ya wazazi na wanafunzi kudai majaribio ya ufundi ya serikali, na polepole vyuo vingi vikawa mahali pa kuandalia watu mtihani. Uganda ilipojenga politekniki zake za jamii kwa waliomaliza darasa la saba, kozi ya miaka mitatu yenye cheti, ilianzia pale ambapo Kenya iliishia.

Wataalamu hupenda kulieleza hilo kama anguko: wazo zuri limeharibiwa na watu wanaopenda makaratasi. Mimi nipo upande wa wazazi. Utafiti mkubwa uliofanywa hapa hapa Uganda na kuchapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2020 uliwafuatilia vijana wapatao 1,700 kwa miaka kadhaa. Baadhi walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita, wengine walifundishwa kazini na waajiri waliolipwa kuwafundisha. Makundi yote mawili yalipata kipato kizuri kuliko waliobaki bila mafunzo. Tofauti ilijitokeza baadaye. Kijana wa chuo alipopoteza kazi, alipata nyingine upesi, kwa kuwa cheti kilimthibitishia mwajiri mgeni anachokijua. Aliyefundishwa kazini alikuwa na ujuzi uleule ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha isipokuwa bosi wake wa zamani. Mzazi wa Murang'a au Kakamega aliyedai mtihani wa serikali miaka ya 1970 alikuwa analiona jambo hili kwa macho yake. Mtoto wake hakuwa wa kuzunguka na fundi mmoja maisha yote.

Ninachokilaumu ni kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima katika vyuo vyake vya ufundi, na mwanafunzi akatakiwa kuandika mpango wa biashara unaosahihishwa na kupewa alama. Nia ilikuwa njema. Lakini mpango unaoandikwa kwa ajili ya mtahini humtafuta mtahini, wala haumtafuti mteja. Leo mipango iliyokwisha kuandikwa inauzwa mitandaoni, unabadilisha jina la biashara na la mji, unachapisha, unafunga jalada. Mwanafunzi anatoka na alama. Wazo la biashara, kama lilikuwapo, linabaki kwenye rafu ya baraza la mitihani. Uganda nayo imeingiza ujasiriamali sekondari, juu na chini, na ningependa walimu wetu wautazame mfano huu wa jirani kwa makini kabla mambo hayajakomaa.

Wamarekani, ambao ndio wenye jina hili la chuo cha jamii, wana historia ndefu: Joliet, Illinois, mwaka 1901, kisha tume ya Rais Truman mwaka 1947 iliyotaka vyuo vya namna hiyo vienee nchi nzima. Sitakaa sana juu yao. Jambo moja tu linanivutia, nalo liko North Carolina, jimbo lenye mashamba mengi ya tumbaku na viwanda vya nguo vilivyofungwa. Kila kimoja kati ya vyuo vyake 58 vya jamii kina ofisi ya ushauri kwa wenye biashara ndogo, na huhitaji kuwa mwanafunzi kuingia ndani. Mwenye gereji wa miaka 50 anaweza kwenda leo kuuliza juu ya kodi yake, na kurudi mwezi ujao, bila malipo. Katika mila hii siku ya kutoka haipo kabisa, geti halifungwi nyuma yako. Hata hivyo, mshauri yule anamwelekeza mtu kwenye vitu ambavyo tayari vipo: benki inayokopesha, umeme usiokatika, mahakama inayosikiliza madai madogo, afisa ugani ambaye mfumo wake ulijengwa tangu sheria ya 1914. Ukilichukua darasa lake ukalileta Luweero peke yake, umeleta mtu wa kuonyesha njia mahali ambapo njia hazijalimwa.

Wahindi walilielewa hilo mapema. Mwaka 1982, huko Ujire katika jimbo la Karnataka, taasisi ya kidini na benki mbili, Syndicate na Canara, zilianzisha mafunzo mafupi ya bweni kwa vijana wa vijijini wasio na kazi. Benki yenyewe ilikuwa mwenye chuo. Kijana alipomaliza, walimu hawakumwacha, walimfuatilia na kumsaidia kupata mkopo, na mfumo huo baadaye ukapanuliwa kwenye wilaya za India nzima. Zanzibar wamefaidika na tawi jingine la mila za India: Barefoot College, iliyoanzishwa na Bunker Roy kule Tilonia mwaka 1972, ina chuo Kinyasini, Unguja, tangu 2015. Huko akina mama wa vijijini, wengine wasiojua kusoma, hujifunza kwa rangi na kwa mikono kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Mama hachaguliwi mpaka kijiji chake kiwe kimekubali kuchangia kila mwezi matengenezo ya taa zake. Kwa hiyo anaporudi, wateja wake wanamsubiri. Kwa kipimo changu cha siku ya kutoka, Kinyasini panapata alama za juu kuliko vyuo vingi vyenye majengo makubwa.

Nimeacha kwa makusudi mila moja ambayo haina chuo wala mwalimu. Waigbo wa mashariki mwa Nigeria humkabidhi kijana kwa mfanyabiashara, mara nyingi kwa miaka mitano hadi minane. Anaishi kwa bwana wake, anauza dukani kwake, halipwi mshahara. Miaka ikitimia bwana humpa mtaji: fedha, bidhaa, pengine kodi ya duka la kwanza. Ndivyo masoko ya Onitsha, Aba na Nnewi yalivyojaa wafanyabiashara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967 hadi 1970, vita vilivyowaacha Waigbo wengi na paundi 20 tu kutoka benki, hata kama walikuwa wameweka maelfu. Mila hii ina majeraha yake. Wapo mabwana wanaomzulia kijana kosa mwaka wa mwisho ili wasimpe chochote, na mabinti wameachwa nje kwa muda mrefu. Lakini imelijibu swali langu kwa ukamilifu kuliko zote: kijana anatoka na ujuzi, na mtaji, na jina la mtu anayemdhamini sokoni.

Sasa tuiweke Bwaise mbele ya hizi zote.

Kijana huanza na msasa. Wiki nyingi anasugua mbao za wenzake mpaka viganja vinakuwa vigumu. Baadaye vanishi, kisha gundi na vibanio, kisha kupima, kisha viungo. Wengi waliingia kwa mlango huu wakati shule za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya korona tangu Machi 2020, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 baadhi yao hawakurudi tena darasani. Hakuna mtu aliyewaambia wanasoma ujasiriamali. Lakini watafiti waliozichunguza karakana za useremala za Uganda wameeleza jambo ambalo kila mpita njia wa Bwaise anaweza kuliona: ndani ya karakana moja, mafundi hawagawani hatua za kazi kama kiwandani. Kila mmoja ana mteja wake, anapatana naye bei, anapokea malipo ya awali, ananunua mbao, anatengeneza kitanda tangu mwanzo hadi mwisho. Wanachoshiriki ni paa, zana na majina mema. Mwanafunzi anayesugua msasa pembeni anasikia mapatano ya bei mara nyingi kwa siku. Anajua mteja gani anatania na yupi ana fedha mfukoni. Somo hili halina mtahini wa kulidanganya.

Jambo la pili ni mashine. Mashine ya kuranda mbao ni ghali, na karakana nyingi ni ndogo mno kuimiliki. Basi mwenye nayo huwarandia majirani kwa malipo. Vittorio Bassi na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2022 kutoka Uganda, walionyesha kwamba soko hili la kukodi mashine linawawezesha mafundi wadogo kufanya kazi kwa nyenzo ambazo kwingine zingehitaji kampuni kubwa. Nilipousoma, nilikumbuka Hjedding na mashine yao ya malai. Tatizo ni lilelile, mashine moja ghali na watu wengi wenye fedha kidogo. Denmark walilitatua kwa ushirika. Bwaise wamelitatua kwa kukodishana, bila katiba, bila mwenyekiti, na faida ikienda kwa mwenye mashine. Si haki kamili, lakini inafanya kazi kila siku.

Mapungufu yake nayo ni makubwa na sitayafunika. Vidole hukatika, kwa kuwa vikinga vya mashine vimeng'olewa. Mbao mbichi hutumika kwa haraka ya mteja, na mlango hujipinda baada ya miezi michache. Fedha ya biashara na fedha ya chakula hukaa mfuko mmoja, hivyo fundi hajui kama kitanda cha jana kilimpa faida au hasara. Na siku ya kutoka, hakuna anayempa kijana mtaji kama bwana wa Kiigbo, wala cheti kama chuo. Kwa hili la cheti dawa ipo: serikali ina utaratibu wa kumpima fundi kwa vitendo na kumpa hati inayoorodhesha anachokiweza, hata kama hakuwahi kuingia darasani. Ningetaka wapimaji hao waonekane Bwaise mara kwa mara kama wanavyoonekana wakusanya kodi.

Lakini twende kwenye swali la vijijini, ambalo ndilo lililotuleta huku. Kijana wa Luweero amemaliza. Anajua kutengeneza kitanda. Nyumbani kuna mbao, kuna watu wanaojenga nyumba za mabati wanaohitaji milango, na kodi ya chumba katika mji wa Wobulenzi ni ndogo kuliko Kampala. Kwa nini harudi? Tumezoea kusema vijana wamevutiwa na taa za mji. Mimi nadhani ameacha mashine Bwaise. Akifika kwenye kituo cha biashara cha kijijini kwao, atarudi kwenye randa ya mkono. Mlango uliomchukua siku moja sasa unachukua siku tatu, na lori la mfanyabiashara linapita njia ile ile ya Bombo likiwa limebeba milango ya Bwaise iliyo laini zaidi na ya bei nafuu zaidi. Ujuzi wake haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni kila kitu kilichokuwa kikiuzunguka.

Ushahidi wa kaskazini mwa Uganda unasema karibu hayo hayo. Mwaka 2008 serikali iliwapa vikundi vya vijana ruzuku iliyofikia wastani wa dola 382 kwa kila mmoja, wakajitafutia mafundi wa kuwafundisha na kununua vifaa. Sehemu kubwa ya fedha waliitumia kwa zana na malighafi, sehemu ndogo kwa mafunzo. Christopher Blattman na wenzake walirudi baada ya miaka minne wakakuta kipato cha waliopewa kimezidi cha wenzao kwa asilimia 38. Walirudi tena baada ya miaka tisa: wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, kwa vibarua na biashara ndogondogo, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi walikuwa katika kazi za ufundi. Vijana walipoachiwa wachague wenyewe, walichagua zana. Na zana za mtu mmoja mmoja zilimpa mwanzo wa haraka ambao baadaye ulififia.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya politekniki za jamii zilizoko mashambani, zile zenye ubao wa jina na bendera. Nyingi zina karakana zilizonunuliwa kwa fedha za umma au za wafadhili, na karakana hizo hufungwa jioni, hufungwa likizo, hufungwa mwanafunzi anapohitimu. Zifunguliwe kwa kukodi. Mhitimu, na fundi yeyote wa eneo lile hata aliyejifunza Bwaise, alete mbao zake alipie saa ya mashine, kama anavyofanya jirani kwa jirani chini ya paa za Bwaise. Malipo yanunue visu na dizeli na kumlipa mtu wa kuisimamia mashine, vikinga vikiwa mahali pake. Mkuu wa chuo atapata wateja wanaomwambia kila wiki ni fenicha gani inanunuliwa, jambo ambalo hakuna mtaala unaoweza kumwambia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasikia mapatano ya bei akiwa bado anasugua msasa. Na ofisi ya ushauri ya North Carolina itakuwa na sababu ya kuwepo, kwa kuwa watu watakuwa wameshafika uani na swali mkononi.

Fedha za kuanzia haziko mbali. Tangu Februari 2022 mpango wa maendeleo ya muluka (ngazi ya utawala inayokusanya vijiji kadhaa), ambao wengi wanaujua kwa herufi PDM, umekuwa ukielekeza shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila muluka, na kaya moja hukopeshwa hadi milioni moja. Umejengwa hasa juu ya kilimo na ufugaji, na kijana aliye katikati ya Bwaise na Luweero hujikuta hahesabiwi vizuri kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Apewe nafasi kule anakokusudia kufanya kazi, na useremala, uchomeleaji na ushonaji vihesabiwe kuwa kazi za kijiji, maana ndivyo vilivyo. Milioni moja haitoshi kununua mashine ya kuranda. Inatosha kununua mbao za vitanda vya kwanza, na saa nyingi sana za mashine, mradi mashine iwe Wobulenzi na mlango wa karakana uwe wazi.